Nafasi au Ukweli? Historia ya Uhakiki wa Makala katika Makongamano ya Sayansi ya Kompyuta, 1987–2023

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna makongamano ya kitaaluma yanavyohakiki makala za utafiti kabla ya kuzikubali, kwa kurejelea zaidi makongamano ya sayansi ya kompyuta kuanzia mwaka 1987 hadi 2023. Data zimetokana na taarifa za wenyeviti wa programu, tafiti zilizochapishwa kuhusu uhakiki wenyewe, na kumbukumbu za uhakiki zilizo wazi kwa umma. Hoja kuu ni kwamba uhakiki wa kongamano ulizaliwa kama utaratibu wa kugawa nafasi chache kwa waombaji wengi, kisha ukaanza kutumiwa kama kipimo cha ubora wa utafiti na wa mtafiti. Majaribio ya mwaka 2014 na 2021 yanaonesha kuwa kazi hizo mbili hazilingani. Insha inapendekeza kuwa watahini na kamati za ajira zisome hukumu ya kongamano kama ushahidi mmoja miongoni mwa mwingine, na kwamba makongamano yetu yahifadhi kumbukumbu za uhakiki wao.

1.0 Utangulizi

Katika vyuo vikuu vingi, mtahiniwa wa shahada ya uzamivu hutakiwa kuonesha kwamba sehemu ya utafiti wake imekwisha kupita mikononi mwa wanataaluma wenzake nje ya chuo. Mhadhiri anayeomba kupandishwa cheo hutakiwa vivyo hivyo. Katika fani nyingi ushahidi huo ni makala iliyochapishwa katika jarida. Katika sayansi ya kompyuta, hata hivyo, makala iliyokubaliwa katika kongamano kubwa mara nyingi hupewa uzito sawa na ya jarida, na pengine zaidi. Kwa hiyo neno moja, "imekubaliwa" au "imekataliwa", linaweza kuamua ajira, ufadhili na hata uhai wa swali la utafiti.

Licha ya uzito huo, historia ya neno hilo haijulikani sana miongoni mwa wanaolitegemea. Kuna dhana iliyoenea kwamba uhakiki wa wanataaluma wenza ni desturi kongwe isiyobadilika, na kwamba lengo lake tangu mwanzo lilikuwa kutenganisha ukweli na uongo. Insha hii inapinga dhana zote mbili. Fani ya kompyuta imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo fani ambamo kongamano limechukua nafasi ya jarida kwa kiwango kikubwa. Pili, ndiyo fani ambamo waandaaji wamewahi kuufanyia uhakiki wao majaribio na kuyatangaza matokeo, hata pale yalipowafedhehesha.

2.0 Usuli: Kutoka Jarida hadi Kongamano

Mjadala wa uhakiki kwa kawaida huanzia London mwaka 1665, Henry Oldenburg alipoanzisha jarida la Philosophical Transactions. Oldenburg alikuwa mhariri aliyeamua mwenyewe nini kichapishwe, ingawa aliomba ushauri alipoona haja. Ripoti za wahakiki kwa maana inayokaribia ya leo zilianza katika Royal Society miaka ya 1830, kutokana na pendekezo la William Whewell. Csiszar (2016) anaeleza kuwa Whewell na mwenzake John William Lubbock walipopewa kuhakiki makala ya mwanafalaki George Airy, walitofautiana tangu mwanzo kuhusu kazi ya ripoti yenyewe. Mmoja alitaka kueleza umuhimu wa ugunduzi. Mwingine alitaka kuonesha kasoro za hesabu. Yaani wahakiki wa kwanza hawakuafikiana, na kutoafikiana kwao hakukuhusu ukweli wa makala bali madhumuni ya uhakiki.

Desturi hiyo haikuenea upesi. Albert Einstein alikasirika mwaka 1936 jarida la Physical Review lilipoipeleka makala yake na Nathan Rosen kwa mhakiki wa nje, akaiondoa makala hiyo. Jarida la Nature lilifanya uhakiki wa nje kuwa sharti kwa makala zote mwaka 1973 tu (Baldwin 2015). Kwa hiyo, sayansi ya kompyuta ilipokuwa inajenga taasisi zake katika nusu ya pili ya karne ya ishirini, uhakiki wa majarida nao ulikuwa bado unajengwa.

Kongamano lilikuja na haja tofauti. Jarida linaweza kusubiri, lakini kongamano lina tarehe, ukumbi na idadi ya saa. Kamati haiulizwi tu kama makala ni sahihi. Huulizwa zipi kati ya makala zilizoletwa zipewe dakika chache zilizopo. Mfano mzuri ni kongamano la NIPS, ambalo tangu 2018 huitwa NeurIPS. Lilitanguliwa na mikutano ya Snowbird, Utah, iliyohudhuriwa kwa mwaliko, na mkutano wake wa kwanza ulifanyika Denver mwaka 1987. Mkutano wa mwaliko hauhitaji uhakiki wa makala, kwa kuwa mwaliko wenyewe ndio mchujo. Mlango ulipofunguliwa kwa wote, ilibidi upatikane mchujo mwingine. Uhakiki wa kongamano, kwa mtazamo huu, ni mrithi wa kadi ya mwaliko.

3.0 Jinsi Makala Inavyohakikiwa

Utaratibu wa kawaida una hatua zinazofanana katika makongamano mengi ya fani hii. Mwenyekiti wa programu hutangaza mwito wa makala na tarehe ya mwisho. Waandishi huwasilisha makala kamili, wala si ikisiri pekee kama ilivyo katika makongamano mengi ya lugha na fasihi. Wahakiki huoneshwa orodha na kutaja makala wanazopenda kuzisoma. Kisha hugawiwa makala kadhaa kila mmoja, na kila makala hupata kwa kawaida wahakiki watatu au zaidi. Wahakiki hutoa alama na maelezo. Katika makongamano mengi mwandishi hupewa siku chache za kujibu. Baada ya hapo wahakiki hujadiliana chini ya mwenyekiti wa eneo, naye hupendekeza uamuzi, na wenyeviti wa programu huthibitisha.

Mambo mawili yanautofautisha utaratibu huu na ule wa jarida. La kwanza ni muda. Hatua zote hufanyika kwa wiki kadhaa, na tarehe haisogei. Mhakiki wa jarida anaweza kumrudishia mwandishi makala ili airekebishe na kuirudia mara mbili au tatu. Mhakiki wa kongamano kwa kawaida hana chaguo ila kukubali au kukataa. Makala yenye kasoro inayorekebishika huanguka pamoja na makala mbovu. La pili ni ushindani. Alama ya makala haina maana peke yake. Maana yake hutokana na alama za makala nyingine za mwaka huo. Makala ileile inaweza kukubaliwa mwaka wenye waombaji wachache na kukataliwa mwaka unaofuata.

Historia ina mifano ya gharama ya utaratibu huu. Tim Berners-Lee na Robert Cailliau walipopeleka makala kuhusu mradi wao wa Wavuti katika kongamano la Hypertext '91 huko San Antonio, Texas, makala haikukubaliwa. Waliruhusiwa tu kuuonesha mfumo wao kwa vitendo. Si lazima tuhitimishe kuwa wahakiki walikosa akili. Huenda kwa vigezo vya fani wakati ule mfumo huo ulionekana sahili mno ukilinganishwa na mingine. Mfano huu unaonesha kuwa mchujo wa kongamano hupima ulinganifu wa makala na kile ambacho fani inakithamini kwa sasa. Haupimi, wala hauwezi kupima, kile ambacho fani itakithamini baadaye.

4.0 Kamati Mbili, Hukumu Mbili

Swali la kama mchujo huo unatoa majibu thabiti lilipata jibu la kihesabu mwaka 2014. Wenyeviti wa programu wa NIPS mwaka huo, Corinna Cortes na Neil Lawrence, walipokea makala 1,678, na 414 kati ya hizo zikakubaliwa. Kabla ya uhakiki kuanza, waliwagawa wahakiki katika kamati mbili kwa bahati nasibu, kisha wakateua takribani asilimia 10 ya makala zisomwe na kamati zote mbili, kila moja bila kuijua hukumu ya nyingine.

Makala 166 zilibaki hadi mwisho wa jaribio. Kamati zote mbili zilikubali makala 22 na kukataa 101. Kwa makala 43 zilizosalia, yaani asilimia 25.9, kamati moja ilisema ndiyo na nyingine ikasema hapana. Mtu akiitazama asilimia hiyo peke yake anaweza kuona kuwa makubaliano ni makubwa, kwa kuwa robo tatu ya hukumu zilifanana. Lakini nyingi za hukumu zilizofanana ni za kukataa. Tukitazama upande wa kukubali picha hubadilika: takribani nusu ya makala zilizokubaliwa na kamati moja zilikataliwa na nyingine.

Ni haki kulinganisha matokeo haya na bahati nasibu tupu. Kama kila kamati ingekubali kwa kiwango kilekile, lakini kwa kurusha kete, tungetarajia hukumu zipingane kwa makala takribani 64 kati ya 166. Zilipingana kwa 43. Kwa hiyo wahakiki walikuwa wanaona kitu. Hawakuwa wakipiga ramli. Hata hivyo, walichokiona kiliwatosha kutambua makala dhaifu kuliko kupanga makala nzuri kwa daraja. Katikati ya orodha, ambako ndiko waandishi wengi waliko, hukumu ilitegemea kwa kiasi kikubwa nani amegawiwa makala ipi.

Cortes na Lawrence (2021) walirudi kuzitazama makala za mwaka ule baada ya miaka saba. Kwa makala zilizokubaliwa, hawakuona uhusiano kati ya alama za ubora walizopewa na idadi ya mara ambazo makala hizo zilirejelewa baadaye. Kwa makala zilizokataliwa kisha zikachapishwa kwingine, waliona uhusiano kiasi. Matokeo hayo yanaafikiana na yale ya awali: uhakiki una uwezo zaidi upande wa chini wa orodha kuliko upande wa juu.

Mwaka 2021 NeurIPS ilirudia jaribio kwa kiwango kikubwa zaidi. Makala zilizowasilishwa zilikuwa 9,122, zaidi ya mara tano ya zile za 2014. Kati ya makala 882 zilizohakikiwa na kamati mbili, 203 zilipata hukumu zinazopingana, sawa na asilimia 23.0. Wapo walioona faraja kwamba hali haikuwa mbaya zaidi licha ya ongezeko kubwa la makala na wahakiki. Kwa mwanahistoria, jambo la kuzingatia ni jingine. Katika miaka saba mifumo ya ugawaji ilibadilika, na wahakiki waliongezeka kwa maelfu, lakini kutolingana kwa hukumu kulibaki karibu palepale. Hali hiyo inaashiria kuwa tatizo halitokani na uzembe wa kamati fulani, bali na kazi yenyewe ya kuchora mstari mmoja mkali katikati ya makala nyingi zinazokaribiana ubora.

5.0 Uzito wa Jina

Bahati si jambo pekee linaloingilia hukumu. Kwa muda mrefu makongamano mengi yaliwaruhusu wahakiki kuona majina ya waandishi huku wao wenyewe wakibaki bila kujulikana. Mengine yalificha majina ya pande zote. Kongamano la SIGMOD la wataalamu wa hifadhidata lilianza kufanya hivyo mwaka 2001. Waliopinga walidai kuwa mhakiki mzoefu hutambua kazi ya nani hata jina lisipokuwapo, na kwamba kuficha ni kujidanganya.

Ushahidi madhubuti ulipatikana kupitia kongamano la WSDM lililofanyika Cambridge, Uingereza, mwaka 2017. Tomkins, Zhang na Heavlin (2017) walihakikisha kuwa kila moja kati ya makala 500 inasomwa na wahakiki wawili wanaoona majina na wawili wasioyaona. Walioyaona majina walielekea kuchagua makala kutoka vyuo na kampuni kubwa tangu hatua ya kutaja makala wanazopenda. Katika hukumu zenyewe, uwiano wa uwezekano wa kupendekezwa uliongezeka mara 1.63 kwa mwandishi mashuhuri, mara 1.58 kwa makala kutoka chuo kikuu cha daraja la juu, na mara 2.10 kwa kampuni kubwa. Makala zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kuonekana kwa jina.

Matokeo haya yana uzito wa pekee kwa watafiti wa vyuo visivyo katika orodha hizo, wakiwamo wengi wa Afrika Mashariki. Pale jina linapoongeza nafasi ya aliye nalo katika ushindani wa nafasi chache, hupunguza nafasi ya asiye nalo. Kuficha majina hakuondoi tofauti ya maabara, maktaba na umeme, lakini kunaondoa mzigo mmoja ambao mwandishi hakuustahili.

6.0 Uhakiki Usiokuwapo na Uhakiki Uliopangwa

Kama uhakiki wa dhati una mapungufu hayo, hali huwa mbaya zaidi pale ambapo jina la uhakiki linabaki na kazi yake haipo. Mwaka 2005 wanafunzi watatu wa MIT, Jeremy Stribling, Max Krohn na Dan Aguayo, walitunga programu iitwayo SCIgen inayounda makala za kompyuta zisizo na maana yoyote. Moja ya makala hizo ilikubaliwa katika kongamano la WMSCI bila kuhakikiwa. Tukio hilo lilichekesha wengi, lakini mwaka 2014 kicheko kiliisha: baada ya mtafiti Cyril Labbé kubaini makala nyingi za aina hiyo, wachapishaji Springer na IEEE waliondoa zaidi ya makala 120 katika hazina zao. Makala hizo zilikuwa zimechapishwa katika vitabu vya makongamano kana kwamba zimehakikiwa.

Upande wa pili ni njama. Littman (2021) alieleza jinsi baadhi ya watafiti wanavyokubaliana kutaja makala za wenzao katika hatua ya kuchagua, ili wagawiwe na kuzipitisha, huku wakiwashinikiza wahakiki wengine. Waswahili husema mwamba ngoma huvutia kwake. Utaratibu unaomruhusu mhakiki achague cha kuhakiki humpa pia kamba ya kuvutia. Ni vyema kutambua kuwa njama hizi hazikuzuka kwa sababu watafiti wa leo ni waovu kuliko wa jana. Zilikuja baada ya idadi ya makala zilizokubaliwa kuwa sarafu ya ajira. Palipo na sarafu, hapakosekani wa kuighushi.

7.0 Uhakiki wa Hadharani na Safari ya Kigali

Jibu mojawapo kwa matatizo haya limekuwa uwazi. Kongamano la ICLR, lililoanzishwa na Yoshua Bengio na Yann LeCun na kufanyika mara ya kwanza Scottsdale, Arizona, mwaka 2013, liliweka makala na ripoti za wahakiki hadharani kupitia mfumo wa OpenReview. Katika mwaka huo wa kwanza, makala ya Tomas Mikolov na wenzake kuhusu uwakilishi wa maneno kwa vekta iliishia katika mkondo wa warsha. Mbinu hiyo ilikuja kuwa miongoni mwa zilizotumiwa sana katika uchakataji wa lugha, na mwaka 2023 NeurIPS iliitunuku makala yake dada ya mwaka 2013 tuzo ya kazi iliyostahimili majaribu ya wakati.

Kwa mwanahistoria faida ya uwazi iko wazi. Katika makongamano mengi makala iliyokataliwa hupotea pamoja na sababu za kukataliwa kwake, na kinachobaki ni kitabu cha washindi. Mfumo wa wazi huhifadhi pia mabishano. Kwa mara ya kwanza, mtafiti anaweza kusoma kile ambacho fani ilikikataa, nani alijibu nini, na alama ipi ilibadilika baada ya majadiliano.

Hata hivyo, uwazi wa ripoti hauondoi vizuizi vingine. Kwa desturi, makala iliyokubaliwa huwasilishwa na mmoja wa waandishi, naye sharti afike. Mwaka 2018 watafiti wengi wa Kiafrika waliokusudia kuhudhuria warsha ya Black in AI kwenye NeurIPS jijini Montreal walinyimwa viza za Kanada. Kwao, baada ya mlango wa mhakiki kulikuwa na mlango wa afisa wa uhamiaji, na huo hauna ripoti wala haki ya kujibu. ICLR ilipanga kufanyika Addis Ababa mwaka 2020, lakini janga la UVIKO-19 liliisukuma mtandaoni. Hatimaye ilifanyika Kigali, Rwanda, Mei 2023, ikiwa mara ya kwanza kwa kongamano hilo kuja barani Afrika. Uhakiki wa mwaka huo haukuwa mwepesi zaidi kwa mwandishi wa Nairobi au Dodoma, ila safari yake baada ya kukubaliwa ilikuwa fupi zaidi. Kama kongamano ni mgawo wa nafasi, basi mahali linapofanyika ni sehemu ya mgawo huo.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kuwa uhakiki wa kongamano una historia fupi na madhumuni mahususi. Ulirithi kazi ya kadi ya mwaliko, ukafungwa na tarehe na ukumbi, kisha ukabebeshwa kazi ya pili ya kupima thamani ya watafiti. Majaribio ya 2014 na 2021 yanathibitisha kuwa unaimudu kazi ya kwanza kwa kiasi, hasa kuondoa makala dhaifu, lakini hauna uthabiti wa kutosha kwa kazi ya pili. Jaribio la 2017 limeonesha kuwa, pale majina yanapoonekana, hupendelea walio na jina tayari.

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, watahini na kamati za ajira wanapaswa kuisoma makala yenyewe badala ya kuhesabu makala zilizokubaliwa. Kukataliwa mara moja na kamati moja ni ushahidi dhaifu dhidi ya kazi, kama ambavyo kukubaliwa mara moja si muhuri wa ukweli. Pili, makongamano yanayopokea makala kamili yana kila sababu ya kuficha majina, kwa kuwa gharama yake ni ndogo na faida yake imethibitishwa. Tatu, makongamano ya ukanda wetu, yakiwamo yanayoendeshwa kwa Kiswahili, yahifadhi ripoti za uhakiki kwa idhini ya wahusika, hata kama zitafunguliwa baada ya miaka mingi. NIPS iliweza kujua udhaifu wake kwa sababu ilikubali kujipima na kuandika ilichokiona. Kongamano lisiloweka kumbukumbu haliwezi kujua kama mchujo wake unachuja, na watakaotaka kuandika historia ya taaluma kwa Kiswahili watakuta orodha za waliosikilizwa, bila kujua ni nani hakusikilizwa na kwa sababu gani.